Shauri Lisilo na Mkataji: Makala ya Stimson juu ya Bomu la Atomiki

Katika toleo la Februari, 1947, jarida la Harper's la New York lilipiga chapa makala ya Henry L. Stimson, mzee wa miaka 79 aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani tangu 1940 hata Septemba, 1945. Makala yalieleza jinsi lilivyokatwa shauri la kutumia bomu la atomiki juu ya Japani. Si marefu, lakini kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa chemchemi ya karibu kila lililosemwa shuleni na magazetini katika nchi ile juu ya jambo hilo. Wanahistoria wameyachambua kwa njia yao, wakiyapima na hati za serikali zilizofunguliwa baadaye. Kazi iliyofanywa kwa uchache ni kuyasoma kama maandishi, yaani kutazama vitenzi vyake, mpango wake, na maneno yaliyochaguliwa penye maneno mengine. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi hiyo ina faida yake, maana mfasiri wa makala haya hukutana na maswali ambayo msomaji wa Kiingereza aweza kuyapita bila kujikwaa.

Asili ya makala yenyewe yataka kuelezwa kwanza. Katika mwaka wa 1946 lawama juu ya Hiroshima zilianza kusikika hata miongoni mwa watu wenye heshima zao. James B. Conant, mkuu wa Chuo cha Harvard, aliyekuwa mmoja wa washauri wa serikali juu ya bomu, alisumbuliwa na lawama hizo, akamwandikia Harvey Bundy, msaidizi wa Stimson wa zamani, kwamba yafaa jibu litolewe na mtu asiyeweza kubishiwa. Kalamu iliyoandika rasimu ilikuwa ya McGeorge Bundy, mwana wa Harvey. Conant aliposoma rasimu akashauri mabishano yapunguzwe, mambo yaachwe yajieleze yenyewe. Shauri hilo lilikuwa la mtu mwerevu. Maandishi yanayojitetea humtahadharisha msomaji. Maandishi yanayosimulia tu, tarehe baada ya tarehe, hati baada ya hati, humfanya akae kitako na kusadiki. Sauti ya makala ndiyo hiyo: sauti ya karani mwaminifu anayefungua jalada mbele ya baraza.

Haki yake yapasa ipewe. Stimson anaweka wazi hati mbili ambazo mtu mwenye nia ya kuficha asingeziweka: waraka wake kwa Rais Truman wa 25 Aprili, 1945, unaoonya kwamba silaha hii yaweza kuangamiza ustaarabu wenyewe, na waraka wa 2 Julai, unaopendekeza Wajapani waonywe kabla ya nchi yao kuvamiwa, na ambamo yeye mwenyewe asema kwamba kuruhusu ukoo wa kifalme ubaki chini ya katiba kungezidisha sana matumaini ya kukubaliwa. Tena hajifichi nyuma ya mkubwa wake. Asema kwamba dhamana ya mwisho ya pendekezo lililopelekwa kwa Rais ilikuwa juu yake, na kwamba hataki kuifunika. Mwishoni akiri kuwa vita ni mauti, na kuwa maangamizi yale yalifanywa kwa kukusudia, baada ya kufikiriwa, kwa sababu njia nyingine zilionekana kuchukiza zaidi. Mawaziri wachache wa vita, katika nchi yo yote, wameandika hivyo wakiwa hai.

Taabu yaanza katika jina la makala. Neno la Kiingereza lililotumika laweza kufasiriwa kwa Kiswahili kwa njia mbili. Mfasiri akisema uamuzi, amelichukua neno ambalo asili yake ni kuwatenganisha wagombanao: mwamuzi husimama kati ya pande mbili. Akisema kukata shauri, basi lazima kwanza pawe na shauri, maneno ya huku na huku yaliyowekwa mbele ya watu, kisha yakakatwa. Kwa njia yo yote kati ya hizo mbili, msomaji wa Kiswahili ataanza kutafuta ndani ya makala mahali ambapo pande mbili zilisikilizwa na mtu akakata. Hapaoni.

Anachokiona ni Halmashauri ya Muda, iliyoundwa Mei, 1945, chini ya uenyekiti wa Stimson, na kusaidiwa na wanasayansi wanne: Arthur Compton, Fermi, Lawrence na Oppenheimer. Neno shauri lasikika ndani ya jina halmashauri, lakini swali la kama bomu litumike au lisitumike halikuwa katika orodha ya mambo ya mkutano wa 31 Mei. Arthur Compton aliandika baadaye kwamba kutumika kwake kulikuwa kama jambo lililokwisha pita. Makala yenyewe hayakatai. Yasema kwamba tangu 1941 hata 1945 hakuna kiongozi mwenye dhamana aliyependekeza kuwa nguvu za atomiki zisitumiwe vitani. Wazo la kuwaonyesha Wajapani nguvu za bomu mahali pasipo watu lilizungumzwa siku ile kwenye meza ya chakula cha mchana, kwa muda mfupi, likaachwa. Baada ya siku kumi na moja, 11 Juni, watu saba wa maabara ya Chicago wakiongozwa na James Franck waliandika waraka kamili wa kutetea wazo hilo hilo: bomu lionyeshwe jangwani au kisiwani kusikokaa watu, mbele ya macho ya wajumbe wa mataifa. Katika makala ya Stimson fikira za watu hao zaingia kwa mlango mdogo, kupitia taarifa ya wanasayansi wanne ya 16 Juni, isemayo kuwa wenzao hawakuafikiana, na kuwa wao wanne hawaoni onyesho litakaloweza kuvimaliza vita. Hoja iliyojaza kurasa nyingi imekuwa nusu sentensi, tena katika kinywa cha waliyoikataa.

Jemadari Leslie Groves, mkuu wa kazi nzima ya bomu, alikuwa mkweli zaidi kuliko makala. Katika kitabu chake cha 1962 alisema kwamba shauri la Truman lilikuwa la kutoingilia mipango iliyokwisha kuwekwa. Kama ndivyo, basi jina la makala lataja kitu ambacho makala hayana. Na hati ya amri yathibitisha. Iliandikwa na kupelekwa kwa Jemadari Carl Spaatz tarehe 25 Julai, ikitia sahihi Jemadari Thomas Handy. Yaagiza bomu la kwanza lipelekwe mara hali ya hewa itakaporuhusu baada ya 3 Agosti, juu ya mmoja wa miji minne: Hiroshima, Kokura, Niigata au Nagasaki, na mabomu mengine yafuate kila yatakapokuwa tayari. Kwa amri hiyo Nagasaki haikupata shauri lake. Tarehe 9 Agosti ndege ilifika Kokura, ikakuta mji haukuonekana, ikageukia Nagasaki. Mtu atafutaye nani alikata shauri la mji ule atarudi kwenye hati ya wiki mbili nyuma, iliyosema tu kwamba mabomu yafuate.

Tarehe ya hati hiyo yaondoa pia kisa kipendwacho sana na watu wa lugha. Inasimuliwa mara kwa mara kwamba Hiroshima iliangamia kwa kosa la tafsiri. Tangazo la Potsdam lilitolewa 26 Julai. Tarehe 28 Waziri Mkuu Kantaro Suzuki alipoulizwa juu yake akatumia neno mokusatsu, lililoundwa kwa maana za kunyamaza na kuua. Wengine wakasema alikusudia kwamba hana la kusema kwa sasa. Magazeti yakalieneza kwa maana ya kupuuza kwa dharau. Kisa ni kitamu, na chawafaa walimu wa tafsiri wanaotaka kuonyesha uzito wa kazi yao. Lakini amri ilitangulia tangazo kwa siku moja, na jibu la Suzuki kwa siku tatu. Kweli, kukubali kwa Japani kungeliweza kuisimamisha amri. Ila si neno la Suzuki lililoianzisha. Wataalamu wa lugha wasijitwike lawama isiyo yao.

Lipo jambo la lugha lililo zito zaidi, nalo halijaangaliwa vya kutosha. Kumbukumbu za Halmashauri za 31 Mei zaonyesha kwamba, kwa wazo la Conant, shabaha bora ilikuwa kiwanda muhimu cha vita chenye wafanya kazi wengi, kilichozungukwa karibu na nyumba za wafanya kazi. Kesho yake, 1 Juni, pendekezo likaandikwa vivyo hivyo: kiwanda cha vita kilichozungukwa na nyumba za wafanya kazi, tena bila ya onyo. Katika makala ya 1947 shauri hilo hilo lasimuliwa kwa maneno mengine. Shabaha sasa ni ya namna mbili, yaani mahali pa jeshi au kiwanda cha vita, palipozungukwa au kupakana na nyumba na majengo mengine yaliyo mepesi kuharibika.

Tofauti hiyo yataka kukaliwa kitako. Nyumba zimebaki, wafanya kazi wameondoka. Katika kumbukumbu za kikao nyumba zina wenyewe, na msomaji aona bila kuambiwa kwamba penye nyumba za wafanya kazi pana wake zao na watoto wao. Katika makala nyumba zimewekwa safu moja na majengo mengine, na sifa iliyotajwa ni ya mbao na vigae, kuharibika upesi. Hakuna uongo uliosemwa. Kila neno laweza kutetewa mbele ya hakimu. Lakini lililokuwa shauri juu ya watu limekuwa shauri juu ya vifaa vya ujenzi, na badiliko hilo limefanywa kwa kuacha neno moja tu. Anayetaka kujua jinsi nathari ya serikali ifanyavyo kazi yake hana haja ya mfano mwingine.

Mpango wa vitenzi waenda njia hiyo hiyo. Stimson hutumia nafsi ya kwanza bila haya palipo na karatasi. Yeye alipendekeza, yeye aliufuta mji wa Kyoto katika orodha ya shabaha, kwa kuungwa mkono na Truman, kwa kuwa ulikuwa mji mkuu wa kale na hazina ya sanaa na utamaduni wa Wajapani, yeye aliidhinisha shabaha nne nyingine, Hiroshima na Nagasaki zikiwamo. Kisha, zifikapo tarehe zenyewe, nafsi hiyo yatoweka. Hiroshima ilipigwa tarehe 6, Nagasaki tarehe 9. Na miji hiyo miwili yatajwa mara moja kuwa viungo vilivyokuwa vikifanya kazi katika juhudi ya vita ya Japani. Vitendo vya kalamu vina mtenda, vitendo vya moto havina.

Isidhaniwe kwamba hii ni hila ya Kiingereza ambayo Kiswahili kimekingwa nayo. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili nayo huweza kusimama bila ya na ya mtenda: mwizi alipigwa, nyumba zilichomwa, kijiji kilihamishwa. Hata Kiswahili kina njia ya tatu, kauli ya kutendeka, ambayo Kiingereza hakina kwa ukamilifu huo, na ambayo kwayo kitu huvunjika kana kwamba kilivunjika chenyewe. Mfasiri mvivu ataandika kwamba miji iliharibika, naye atakuwa amemsaidia mwandishi kuliko alivyojisaidia mwenyewe. Mfasiri mwangalifu ataandika ilipigwa, na kuiacha nafasi ya mtenda wazi, kama ilivyo katika asili, ili msomaji aione ni tupu.

Juu ya Kyoto yafaa neno moja zaidi, kwa sababu wasifiaji wa Stimson huitaja kama ushahidi wa utu wake, na kwa hakika ni ushahidi. Groves aliutaka mji ule, akarudia kuutaka, Stimson akakataa. Hapa, kwa mara moja katika kisa chote, pana shauri kwa maana kamili ya Kiswahili: wawili walibishana, mmoja akakata, na jina lake lajulikana. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba mipango ilikuwa mto usioweza kuzuiwa. Lakini sababu iliyotolewa ni mahekalu na historia. Hiroshima, isiyokuwa na mahekalu ya kutosha, ilikuwa na watu. Hadi mwisho wa 1945 waliokufa huko walikadiriwa kuwa 140,000, na Nagasaki 70,000.

Hesabu ya upande wa pili ndiyo nguzo ya makala. Stimson asema alielezwa kwamba kuivamia Japani kungeweza kuyagharimu majeshi ya Marekani peke yake zaidi ya watu milioni moja. Neno alilotumia, kwa desturi ya majeshi, lajumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Katika midomo ya watu, na katika tafsiri nyingi, milioni hiyo imegeuka kuwa milioni ya maiti. Kosa hilo si la Stimson, ijapokuwa hakujitaabisha kulizuia. Zaidi ya hapo, hesabu za wakati ule hazikuwa moja. Wapanga vita wa Washington walikadiria, katikati ya Juni, 1945, kwamba mashambulio yangewagharimu kati ya 132,500 na 220,000, waliokufa wakiwa 25,000 katika mpango mmoja na 46,000 katika mpango mwingine. Wengine walitoa hesabu kubwa kupita hata ile ya milioni. Okinawa, ambako Wamarekani zaidi ya 12,000 waliuawa, ilikuwa imewatia hofu ya haki. Mhakiki hana sababu ya kuchagua hesabu moja na kuitupa nyingine. Linalompasa ni kuona kwamba makala yalichagua moja, yakaiweka peke yake, nayo ikawa jibu kwa swali lo lote litakaloulizwa.

Kuna maandishi mengine ambayo makala ya Stimson yalikuwa yakiyajibu bila kuyaita, nayo ni Hiroshima ya John Hersey, iliyojaza toleo zima la The New Yorker la 31 Agosti, 1946. Hersey aliwafuata watu sita walionusurika: karani wa kike, mjane mshonaji mwenye watoto watatu, madaktari wawili, padre wa Kijerumani na mchungaji wa Kijapani. Aanza na dakika yenyewe, saa mbili na robo ya asubuhi, na kila mmoja alikuwa akifanya nini. Watu waliotolewa katika nyumba zile na nathari ya serikali, Hersey awarudisha humo kwa majina. Sifa za kazi hiyo zajulikana. Kasoro yake haitajwi mara nyingi: bomu la Hersey nalo halina mwenyewe. Mwanga watokea mbinguni kama ugonjwa au tetemeko la nchi, na msomaji alia na walioumia bila kusukumwa kuuliza ni nani aliyeupeleka. Stimson ana ofisi isiyo na mji, Hersey ana mji usio na ofisi. Mwalimu atakayefundisha kimoja bila kingine atawapa wanafunzi wake nusu ya jambo, na nusu zenyewe hazishonani kwa urahisi.

Wote wawili, tena, waanza kisa kikiwa kimefika mbali. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuuliza urani ilitoka wapi. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, mgodi wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, uliokuwa na mawe yenye utajiri usiopata kuonekana kwingine: mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani. Katika 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, alipeleka zaidi ya tani elfu moja New York, zikawekwa ghalani Staten Island. Septemba, 1942, jeshi la Marekani likazinunua. Lugha ya kazi katika migodi ya kampuni hiyo ilikuwa Kiswahili. Amri za kuchimba na kupakia mawe yale zilitolewa kwa maneno ambayo msomaji wa kurasa hizi angeyaelewa, na wachimbaji hawakuambiwa mawe yalikuwa ya nini. Hawamo katika jalada la karani. Ikiwa kukata shauri kwataka kwanza watu wenye haki ya kusikilizwa, hao hawakuhesabiwa hata miongoni mwa wasiosikilizwa.

Makala yalipoingizwa katika kitabu cha kumbukumbu za Stimson cha 1948, alichokiandika pamoja na McGeorge Bundy, jambo moja liliongezwa. Suala la Mfalme Mkuu wa Japani, ambalo makala yalilipitia kwa haraka, lilipewa nafasi zaidi, na waandishi wakakubali kwamba huenda historia ikaona kuwa Marekani, kwa kuchelewa kueleza msimamo wake, ilivirefusha vita. Sentensi hiyo yastahili kusomwa na kila anayeyasoma makala. Ndani yake kitenzi kizito kimepata mtenda wake, Marekani. Lakini msemaji si Stimson tena, ni historia, na historia yenyewe imewekewa huenda mbele.